Miksi ya wanawake iliyokwama dakika ya 12

Naandika hiki kisa kwa urefu kwa sababu nimekaa nacho miezi kadhaa, na najua kuna watu wengi wanaotengeneza miksi zao nyumbani, wanatuma kwa marafiki, alafu kimya, na hawajui kile kimya kinasema nini. Mimi pia sikujua.

Ilikuwa hivi. Tuko watu tisa tunabadilishana miksi, kila mwezi zamu ya mtu mmoja, hakuna zawadi wala mashindano, unachagua nyimbo unaziunga mwenyewe kwenye kompyuta unatuma faili moja, watu wanapewa wiki ya kusikiliza alafu tunaongea, wengine wanaandika wengine wanatuma voisi. Zamu yangu ilipofika nikasema mada ni wanawake. Sababu ninayo: miksi ya mwezi uliotangulia ilikuwa na nyimbo 19 na wanawake humo walikuwa 2, na hakuna aliyeliona mpaka nilipohesabu, hata aliyeitengeneza hakuliona, na si mtu mbaya wala hana ubaguzi, ni mkono tu umezoea kwenda kule kule.

Nikafanya kazi wiki tatu. Nyimbo 21, dakika 80, urefu niliourithi enzi za kuchoma CD maana diski tupu ilikuwa inabeba hizo dakika 80 na bado napima hivyo kichwani. Nikazipanga kwa mwaka wa kurekodiwa, mkongwe aanze na wa juzi amalizie, kwa sababu niliona hiyo ndo heshima. Ya kwanza Bessie Smith, mwimbaji wa blues wa Marekani, wa 1923, ya pili Siti binti Saad wa taarabu ya Zanzibar na rekodi ya 1928 aliyoenda kuifanya Bombay, kisha nyingine moja ya miaka ya 1930, ya nne Billie Holiday wa jazz na "Strange Fruit" ya 1939. Na nikaambatanisha maelezo ya kurasa nne, nani ni nani, kazaliwa wapi, kafanya nini. Nikatuma usiku nikiwa na furaha kabisa.

Siku tatu kimya. Alafu yakaanza kuja moja moja. Mmoja akasema amesoma maelezo yote na amejifunza mengi, ahsante, kuhusu muziki hakusema kitu. Mwingine aliishia dakika ya 12. Mwingine naye dakika ya 12, hawakuwa wameongea. Jamaa mmoja ambaye masikio yake nayaheshimu kuliko ya mtu yeyote kwenye lile kundi, yeye ni mpiga besi, akaandika mstari mmoja, hii ni miksi au ni orodha ya majina. Alafu dada mmoja aliyefika hadi mwisho akatuma voisi, kasema taratibu tu bila hasira, "mbona wanawake wako wote wanalia? Mimi nawajua wanaocheka."

Nilikasirika, nakiri. Nikasema hawa hawako tayari, mada imewashinda. Ilinichukua kama siku kumi kukaa na ile faili na kuisikiliza kama mtu aliyetumiwa, siyo kama aliyeitengeneza, natembea nayo masikioni bila kuangalia orodha. Na mimi pia nikaishiwa hamu pale pale. Dakika ya 12.

Sasa kwanini pale. Hesabu yake rahisi sana. Zile sahani za zamani za santuri za mizunguko 78 zilikuwa zinabeba kama dakika tatu kila upande, nyimbo nne za kwanza zote zilitoka huko, kwa hiyo nilikuwa nimempa msikilizaji dakika 12 mfululizo za mikwaruzo na sauti nyembamba kabla hajasikia besi hata moja. Na ule wa Bessie Smith wa 1923 haukutumia hata maikrofoni, kurekodi kwa umeme kulianza kuenea 1925, kabla ya hapo mtu anaimba mbele ya pembe kubwa ya bati na mtetemo wa sauti yenyewe ndo unachonga sahani. Mimi nilikuwa nasikia historia humo ndani kwa sababu nilishaijua. Mwenzangu alisikia mikwaruzo. Na hapo hapo, sikio limechoka tayari, nikampiga na "Strange Fruit".

Huu wimbo inabidi nikae nao kidogo kwa sababu hapa ndo kosa linaonekana vizuri zaidi kuliko kwingine kote. Ni wimbo unaohusu watu weusi walionyongwa na kutundikwa mitini Marekani. Billie Holiday alipokuwa anauimba pale Café Society, New York, aliuweka mwisho wa shoo, wahudumu wanasimama, taa zinazimwa inabaki moja tu usoni kwake, akimaliza anaondoka na harudi tena stejini. Yaani mwenyewe alishatuonyesha mahali pake. Baada yake hakuna kitu. Mimi nikauweka wa nne kwa sababu eti ni wa 1939, na baada yake nikaweka ngoma ya kuchezeka, mtu aendelee tu kana kwamba hajasikia chochote. Waliozima pale hawakuchoka bure, walifanya kile ambacho wimbo unawaambia wafanye.

Kwa hiyo la kwanza nililolielewa, mwaka wa kurekodiwa siyo mpangilio. Ni mpangilio wa kabati. Sikio halijui mwaka, linajua imepanda imeshuka, kuna nafasi au hakuna, hapa napumua hapa sipumui.

La pili lilikuwa volyumu na hili ni la kiufundi kwa hiyo nitalipita haraka. Rekodi za miaka hii zimebanwa zikawa na sauti kubwa muda wote, za zamani zina milima na mabonde. Ukiziunga hivi hivi mtu anapandisha volyumu kumsikia Siti alafu wimbo wa miaka ya 2000 unamrukia masikioni. Nilikuwa nimesawazisha kwa kuangalia vilele vya mawimbi kwenye skrini, na vilele havisemi ukweli, wimbo mmoja unaweza kuwa na kilele sawa na mwingine lakini sikioni ukawa chini sana. Kuna kipimo kinaitwa LUFS ambacho kinapima jinsi sikio linavyosikia ukubwa wa sauti kwa muda, na Audacity, programu ya bure kabisa, inaweza kusawazisha kwa kipimo hicho. Cha kukumbuka, shusha zilizo juu, usilazimishe za chini kupanda, ukizipandisha kwa nguvu mikwaruzo nayo inapanda na sauti inaanza kupasuka.

Na kuna kitu kidogo nilikigundua kwa kuuliza tu, unasikilizia wapi. Yule dada alikuwa anasikilizia spika ya simu, simu iko mezani yeye anafanya mambo yake. Jamaa wa besi ana hedifoni kubwa. Spika ya simu haitoi sauti nzito, kwa hiyo nilipoweka wimbo kwa ajili ya Carol Kaye, yule mama aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi mno za Los Angeles miaka ya 1960, Beach Boys wakiwemo, dada wa watu hakumsikia hata kidogo, kwake ule ulikuwa wimbo wa wanaume wanaimba na akashangaa umefuata nini kwenye miksi ya wanawake. Wale wawili walibishana siku mbili nzima kumbe kila mmoja anasikia wimbo wake.

Lakini hayo yote ya ufundi, hata ningeyarekebisha yote, ile voisi ya "mbona wanalia" ingebaki pale pale. Nikarudi kuhesabu. Kati ya nyimbo 21, 13 zilikuwa za polepole, na nyingi kati ya hizo ni za kii ya maina, yaani ile ngazi ya noti inayosikika ya huzuni, sauti mbele kabisa, ala chache nyuma, mwanamke ameachwa, mwanamke anasubiri, mwanamke anaomboleza. Sikukusudia. Nilichagua nyimbo nzito kwa sababu nilitaka wanawake wachukuliwe kwa uzito, na kichwani mwangu uzito na huzuni vilikuwa kitu kimoja. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa maneno, ndivyo wanavyosifiwa tu, ukisoma watu wakimsifia mwimbaji mwanamke mara nyingi utakuta maumivu yake yametajwa kabla ya kazi yake, maisha yake magumu, ndoa zake, pombe, na kipaji kinaelezwa kama kitu kilichomtoka kwenye kidonda. Nina Simone, mwimbaji wa Marekani, watu wanaongelea hasira zake na huzuni zake. Sawa, zilikuwepo. Lakini huyu alikuwa mpiga piano aliyesomea muziki wa klasiki, na kwenye albamu yake ya kwanza kabisa anachukua wimbo wa mapenzi wa miaka ya 1920 na katikati anaanza kupiga piano kama Bach, mkono wa kushoto unafukuza wa kulia, na anafanya vile kwa raha, unasikia kabisa kwamba mtu anacheza. Nilikuwa nao huo wimbo kwenye kompyuta. Sikuuchagua, nikachagua wa kulia.

Hapa ndo msimamo wangu ulipobadilika na mpaka saivi sijarudi nyuma. Mwanamke siyo aina ya muziki. Ukimweka Bi Kidude wa taarabu na Kate Bush wa pop ya Uingereza na Missy Elliott wa rap ya Marekani pamoja kwa sababu ni wanawake basi, huna kamba ya kuwafunga, na msikilizaji akikosa kamba ataitafuta mwenyewe, na kamba iliyo karibu zaidi ni ile picha ya zamani ambayo kila mtu anayo tayari. Kwa hiyo kama mada yako ni wanawake lazima uwe na kitu cha pili cha kimuziki kinachoshikilia nyimbo, kidogo tu, kama kicheko, au mikono, au ngoma, au kujibizana na waitikiaji. Mimi nilichagua mikono na kicheko. Wanawake wanaopiga ala, na wanawake walio na raha ya kazi yao.

Kabla sijaeleza toleo la pili niseme ule mjadala mwingine maana ulichukua wiki karibu tatu na ulikuwa mzuri sana. Swali lilikuwa, wimbo ulioandikwa na mwanaume unahesabika? Mmoja akashika msimamo kwamba hapana, tutakuwa tunasifia mdomo wa mtu mwingine. Mwingine akaleta "Respect". Otis Redding, mwimbaji wa soul, ndiye aliyeuandika na akautoa 1965, kwake ni mwanaume anaomba apewe heshima akirudi nyumbani. Aretha Franklin akaurekodi 1967, akaweka ile sehemu ya kutaja neno herufi kwa herufi ambayo kwa Otis haipo, akaweka waitikiaji, na maana yote ikageuka juu chini, saivi ukisema jina la huo wimbo nani anamkumbuka Otis. Alafu kuna upande wa pili, "Hound Dog", waandishi ni wanaume wawili lakini Big Mama Thornton ndiye aliyeutoa kwanza 1953, mwanamke anamfukuza mwanaume mvivu mlangoni, miaka mitatu baadaye Elvis akauimba na dunia ikadhani ni wake. Na kuna kitu nilichokuwa nacho mkononi muda wote bila kukisema: ule wimbo wa Bessie Smith wa 1923, "Downhearted Blues", umeandikwa na wanawake wawili, Alberta Hunter na Lovie Austin. Kwenye kurasa zangu nne nilijaza Bessie alizaliwa wapi na hilo sikuliandika.

Aliyefunga mjadala kwangu ni jamaa wa besi. Akasema acha kuuliza nani ameandika, uliza ukimtoa huyu mwanamke wimbo unabaki au haubaki. Nikaipenda sana hiyo. Ukimtoa Aretha, ile "Respect" tunayoijua haipo. Na kwa kipimo hicho hicho Delia Derbyshire anaingia moja kwa moja, yule wa BBC aliyetengeneza sauti za muziki wa kufungulia Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, mwaka 1963. Muziki uliandikwa na Ron Grainer kwenye karatasi, lakini yeye ndiye aliyerekodi sauti moja moja, akakata utepe wa kurekodia kwa wembe na kuuunga vipande vipande, na jina lake halikuwekwa kwenye skrini mpaka 2013 wakati alishafariki 2001. Ukimtoa yeye inabaki karatasi. Haimbi hata neno moja na ni mmoja wa wanawake walio wazi kabisa kwenye miksi.

Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, ndo alinishinda. Toleo la kwanza niliweka dakika sita za "Enta Omri", iliyoimbwa mara ya kwanza 1964, na utunzi ni wa Mohammed Abdel Wahab. Jukwaani huo wimbo unakaribia saa nzima. Nilikata pale ninapoona pazuri, nikafifisha mwishoni nikaingiza unaofuata. Mwenzetu mmoja ambaye huu muziki amekua nao nyumbani akaniandikia pembeni, siyo mbele ya watu, kwa upole, kwamba umekata kitu chenyewe. Akanieleza, huyu mama anaimba mstari mmoja, watu wanalipuka, anaurudia, lakini harudii, safari hii anaupindisha neno moja, watu wanalipuka tena, anaurudia tena kutokea mahali pengine, na ule mstari mmoja unaweza kwenda dakika nyingi huku bendi inamsubiri yeye. Sasa wewe umechukua mstari mara moja ukaondoka. Umebaki na maneno. Nilisikiliza yote mwanzo hadi mwisho usiku mmoja na nikaelewa kwamba alikuwa sahihi kabisa na hakuna namna ya kulifanya hili kwenye miksi. Kuna muziki haukatwi. Toleo la pili nikamtoa, nikatuma ule wimbo mzima peke yake wiki moja baadaye, na maneno mawili tu, zima taa. Watu watano kati ya nane wakausikiliza wote. Ni wengi kuliko waliomaliza miksi yangu ya kwanza.

Toleo la pili lenyewe: nyimbo 14, dakika 52. Nikafungua na Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa gospo na mpiga gita wa Marekani, ile shoo ya 1964 kwenye stesheni ya treni isiyotumika tena kule Manchester, mvua imetoka kunyesha, amevaa koti, anavaa gita la umeme na kuanza, na gita ndo kitu cha kwanza unachokisikia kikiuma. Hapo msikilizaji ameshaelewa hii miksi ni ya nini bila maelezo. Akafuata Mbilia Bel wa Kongo na bendi ya Afrisa, magitaa yale yanayokimbizana, tempo inakaribiana hivyo sikuhitaji kufifisha, nilikata pale pale kwenye pigo. Kisha Brenda Fassie wa Afrika Kusini na "Vulindlela", mama anashangilia mwanae anaoa na majirani wasengenyaji wapishe njia, raha tupu, na huu niliuweka kwa ajili ya yule dada. Nina na ile piano yake ya Bach akaja wa tano. Delia Derbyshire katikati kama mlango, dakika mbili na kidogo, ukitoka hapo miksi inageuka kuwa ya usiku.

Na Siti binti Saad hakutoka. Nilimpeleka nafasi ya 11, mbele yake nikamweka Bi Kidude, sauti ile ya kukwaruza na ngoma yake. Bi Kidude alikuwa akiimba nyimbo za Siti, kwa hiyo unamsikia kwanza aliyepokea alafu mlango unafunguka unamsikia mwenyewe kutoka 1928, na mikwaruzo ya sahani inaingia wakati sikio limeshakubali ukwaruzo kutoka kwa Kidude. Nilijaribu hiyo sehemu mara nyingi sana. Sikusafisha mikwaruzo, nilijaribu ile programu ya kuondoa kelele ikala na sauti yake pia, ikabaki kama mtu anaongea ndani ya maji, nikairudisha kama ilivyokuwa. Huzuni nayo ipo, Cesária Évora wa Cape Verde yupo, nafasi ya 13, lakini safari hii amezungukwa na wenzake wanaocheka na huzuni yake inasikika kama yake mwenyewe, siyo kama kazi ya wanawake wote. "Strange Fruit" ndo ya mwisho. Baada yake sekunde 20 za ukimya ndani ya faili, kusudi programu inayocheza muziki isirukie kitu kingine haraka.

Maelezo nikayatuma siku nne baada ya miksi, mistari miwili kila wimbo: nani kaandika, nani kapiga, kwanini yuko pale. Hakuna ndoa ya mtu humo wala ugonjwa wa mtu.

Palikuwa na tatizo moja la njiani, sehemu niliyopakia faili iliifunga ndani ya saa moja kwa sababu mashine yao ilizitambua rekodi mbili, na kusema kweli haki za rekodi ni za watu, nalielewa hilo. Wenzangu wawili ambao hawakuwahi kuipata niliwatumia orodha na dakika za kuingilia kila wimbo wakaziunga wenyewe kwa nyimbo walizonazo, na mmoja akabadilisha mpangilio bila kuniambia na wake ulikuwa mzuri kwenye ya saba na ya nane, nimeuchukua.

Safari hii tulivyoongea, tuliongea muziki. Siyo wote waliokubali, mmoja mpaka leo anauliza mbona hakuna miksi ya wanaume, nikamkumbusha ile ya nyimbo 19, akasema ile haikuwa na mada. Nikamwambia ndo hicho ninachosema. Tuliishia hapo, hatujakubaliana.

Mwezi uliofuata zamu ilikuwa ya jamaa wa besi. Hakutaja mada yoyote. Nyimbo 16, nikahesabu kwa mazoea, 7 ni za wanawake, na ya tatu ilikuwa ya Oumou Sangaré, mwimbaji wa Mali, ambaye mimi kwenye toleo la pili nilimtoa dakika za mwisho kwa sababu sikupata pa kumweka, kila nilipomweka aliwafunika majirani zake. Yeye amemweka baada ya wimbo wa besi na ngoma tupu usio na mwimbaji kabisa, sauti inaingia pale ambapo umeshaanza kuitamani.